Miti Tisa Mifupi

Walimtoa Prokopi Okhlopkov majini Ijumaa saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa umekunjwa kama wa mtu anayebisha hodi.

Mpiga mbizi alimsukuma kutoka chini, wanaume wawili wakamvuta kwa kamba, na kabla hawajamlaza kwenye turubai nguo zake zilikuwa zimekauka kama ubao. Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Lori lake lilibaki chini ya ghuba, mita saba, pamoja na unga na dawa za zahanati ya Aryta.

Inspekta Tuyaara Neustroeva alipiga magoti kando ya maiti.

"Amekufa maji," alisema daktari wa polisi. "Hakuna jeraha la kupigwa. Kucha tatu zimeng'oka. Alikuwa akikwaruza barafu kwa chini."

"Pombe?"

"Nitapima. Lakini huyu hakuwa akinywa, Inspekta. Pwani nzima inajua."

"Andika alisinzia, binti!" sauti nzito ilisema nyuma yao. "Usijisumbue. Alisinzia, akaacha njia, Bibi wa bahari akammeza."

Aliyesema hivyo alikuwa Yegor Tarabukin, msimamizi wa barabara ya barafu kwa miaka thelathini na moja. Yeye ndiye aliyepima unene wa barafu. Yeye ndiye aliyepanda miti ya alama kutoka kijiji cha Tumus hadi kile cha Aryta, kilomita tisini juu ya bahari iliyoganda. Akisema "piteni," malori yalishuka. Akisema "kaeni," yalikaa. Madereva walimvulia kofia alipopita, hata katika baridi ile ambayo mtu mwenye akili hamvulii kofia hata mama yake.

"Mimi si binti. Ni Inspekta," alisema Tuyaara.

Yegor alimtazama mdomoni, akatabasamu. "Sawa, binti Inspekta. Njia ni ile pale, mita mia mbili. Miti imesimama kama gwaride. Kipofu angeiona. Lakini mzee akijifanya kijana, utamfanya nini?"

"Mlikuwa marafiki?"

"Tulikua mtaa mmoja. Tulichunga farasi pamoja." Alitema mate, yakalia *tik* yalipogusa barafu. "Alikuwa dereva wa wastani."

Tuyaara alizitazama zile kucha tatu. Alikuwa polisi kwa miaka kumi na tisa na bado hakuwa amezoea maiti, wala hakutaka kuzoea. Lakini kilichomchoma asubuhi ile hakikuwa maiti. Kilikuwa lile neno, *wastani*, likisemwa juu ya mtu aliyekufa akitafuta tundu la kutokea.

Redio ya gari ilikoroma. Alikuwa Kanali Rozhin, mkuu wa polisi wa wilaya, akiwa ofisini kwake karibu na jiko la moto.

"Ni ajali," alisema Kanali. "Saini fomu. Aryta wamebakiza mafuta ya siku sita, na zahanati yao inaendeshwa kwa jenereta. Kesho saa sita mchana msafara wa malori kumi na moja unashuka, Tarabukin akiwa mbele. Usinifungie barabara kwa ajili ya mzee aliyelala."

"Nikisaini, watu kumi na mmoja watafuata miti ileile aliyoifuata marehemu."

"Ndiyo kazi ya miti, Neustroeva. Kufuatwa. Una hadi kesho asubuhi."

Redio ikazimwa. Sajini Gavril, kijana wa Tumus mwenyewe, aliuma ncha ya glavu yake.

"Dada Inspekta, kama si ajali?"

"Basi kesho tunawapeleka kumi na mmoja wakamtafute mwenzao. Twende kantini."

* * *

Kantini ya madereva ilikuwa kibanda cha mbao, joto kali, harufu ya dizeli na supu ya kulungu wa kaskazini. Madereva kumi na mmoja walikuwa wakila samaki mbichi aliyegandishwa na kukatwa vipande vyembamba, wakichovya kwenye chumvi. Hakuna aliyesimama.

"Karibu, serikali," alisema mmoja. "Angalia usiteleze. Juzi karani wa mjini aliteleza hapo mlangoni, akaandika ripoti dhidi ya mlango."

Wakacheka. Msemaji alikuwa Vadim Zhuk, dereva mpana kama kabati, mtu wa kuja kutoka kusini ambaye kila mwaka aliapa kwamba huu ndio wa mwisho. Jumapili iliyopita alipigana na Prokopi mbele ya watu wote. Tuyaara aliketi mbele yake.

"Mligombania nini?"

"Chai. Alinimwagia."

"Kwa nini?"

"Nilimtania."

"Ulimwambiaje?"

Vadim alikuna ndevu. "Nilimwambia siku hizi amekuwa mke wa Yegor. Msimu mzima, siku akiwa hana safari, yuko ndani ya gari la Yegor, bega kwa bega, wanapima barafu. Mtu ana mapumziko yake, halafu anakwenda kupima barafu! Nikamuuliza mahari ilikuwa farasi wangapi."

"Akamwaga chai."

"Ya moto, dada. Kikombe kizima."

"Jumatano alipoondoka, wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori langu, na mdomo umejaa grisi. Muulize Mama Aksinya, alinilisha kama kifaranga."

"Kweli," alisema mpishi kutoka jikoni. "Tangu Jumanne hajatoka uani. Laiti angetoka, tungepumua."

"Ukishuka kwenye barafu, huwa unamlisha Bibi?"

"Mimi namlisha huyu." Vadim alijipiga tumbo. "Chapati za Mama Aksinya nizitupe baharini? Hata shetani hafanyi hivyo."

Baadhi waliguna kwa hasira. Mmoja aligonga meza mara tatu. Tuyaara alifunga daftari. Aliona wazi kwamba Vadim alikuwa mdomo mtupu. Mtu wa kumwaga maneno hivi hana haja ya kumwaga damu.

* * *

Walirudi ghubani saa saba, jua likiwaka bila kupasha chochote.

Tufani ya Jumatano ilikuwa imefagia theluji laini yote na kuacha ile iliyokanyagwa, ngumu kama saruji. Kwa hiyo alama za magurudumu ya Prokopi zilionekana zikitoka kwenye barabara na kuelekea shimoni. Tuyaara alizifuata kwa miguu, akienda na kurudi.

"Gavril, umewahi kuona lori la mtu aliyesinzia?"

"Mara mbili. Linayumba. Likigusa ukingo wa theluji linaruka, dereva anashtuka, anakata kona ghafla."

"Na hili?"

Sajini alitazama. Alama zilipinda taratibu, kwa ustaarabu, upinde mmoja laini mpaka ukingoni mwa shimo.

"Hili linafuata njia," alisema polepole.

"Katika tufani, ukiwa huoni hata taa zako, unafuata nini?"

"Miti."

"Mzee Prokopi aliiamini miti. Sasa twende tukaisalimie."

Walirudi barabarani. Hapo miti ya alama ilikuwa imepangwa kila hatua hamsini, miche myembamba ya mlariksi iliyoletwa kutoka kusini, mwendo wa siku mbili, kwa sababu Tumus haikuwa na mti hata wa kuchongea kijiko. Kila mmoja ulisimikwa kwenye tundu la barafu, ukamwagiwa maji, ukaganda. Tuyaara alisimama kando ya mmoja. Ulimpita kofia. Wa pili ulimpita kofia. Wa tatu ulimfika begani.

Akaendelea kuhesabu. Miti tisa mfululizo, kuanzia pale lori lilipopinda, ilikuwa mifupi.

Alifagia theluji kwa buti kwenye shina la ule wa kwanza. Mti ulisimama kwenye barafu mpya, angavu, isiyo na ufa. Shibiri moja kando yake, kwenye barafu ya kijivu ya tangu Januari, kulikuwa na kisiki kilichokatwa sawasawa na uso wa barafu.

"Ulikatwa ukahamishwa," alisema Gavril. "Halafu ukarudishwa."

"Ukihamisha mti ulioganda, huung'oi. Unaukata. Ukiurudisha, unaukata tena. Mara mbili. Ndiyo maana umepungua. Na aliyefanya hivi hana miti mipya, itoke wapi?" Alijifuta barafu kwenye kope. "Leta sururu. Tukachimbe huko upande wa pili."

Walipima hatua hamsini hamsini kando ya alama za magurudumu. Chini ya theluji ngumu walikuta kisiki cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu. Visiki tisa, vikielekea mahali ambapo mkondo wa mto hula barafu kwa chini. Hapo unene ulikuwa sentimita thelathini na moja. Lori lilitaka tisini.

Kwenye kisiki cha kwanza, ndani ya barafu, kulikuwa na kitu cha manjano.

Tuyaara alichonga kwa uangalifu mpaka bonge likatoka zima, akaliinua kwenye mwanga. Ndani yake, kama mdudu ndani ya kioo, kulikuwa na robo ya chapati ya maji iliyopakwa siagi, na shungi la nywele nyeupe za farasi lililofungwa kwa uzi mwekundu.

Gavril alirudi nyuma hatua mbili.

"Kuna mtu amemlisha Bibi hapa."

"Ninyi huwa mnalisha wapi?"

"Ufukweni, dada, unajua mwenyewe. Kila mtu mara moja, kabla ya kushuka. Katikati ya njia hakuna anayelisha. Isipokuwa..."

"Sema."

"Isipokuwa njia iwe mpya. Anayeifungua huweka chakula kwenye tundu la mti wa kwanza, ndipo anamwaga maji." Sajini alipunguza sauti. "Na mwenye kufungua njia hapa ni mmoja tu. Baba yangu humwamkia akiwa ameinama."

"Ndiye huyo Yegor, ambaye daftari la barabara linasema alikwenda kukagua peke yake Jumanne?"

"Ndiye. Na Alhamisi akaenda peke yake kumtafuta mzee Prokopi. Alikataza mtu asimfuate."

Tuyaara alilifunga bonge kwenye mfuko wa vidhibiti. Nyanya yake mwenyewe alikuwa akilisha mto kila masika, naye hakuwahi kuucheka mkono ule wenye siagi. Lakini huu wa leo hakuweza kuuheshimu.

"Angalia moyo wa mtu, Gavril. Anatega kaburi la rafiki yake, halafu anatandika meza. Kumdanganya Bibi hakuthubutu. Kumdanganya Prokopi alithubutu."

Kanali Rozhin alipoelezwa kwa redio, alicheka mpaka akakohoa.

"Chapati! Nimpeleke Tarabukin mahakamani kwa chapati? Mtu mwenye nishani mbili? Na nywele za farasi, wilaya nzima imejaa farasi. Vinasaba vitachukua wiki tatu. Na kwa nini amuue? Nipe sababu, Neustroeva. Kama huna, msafara unashuka."

* * *

Sababu hakuwa nayo. Alikwenda jikoni kwa Mama Aksinya, akapewa chai ya maziwa bila kuomba.

"Prokopi na Yegor walikuwa kama ndugu," alisema mpishi. "Msimu huu ndiyo kabisa. Prokopi alikuwa hamwachi. Hata hapa mezani aliketi karibu naye, na mtu akisema jambo Prokopi analirudia kwa sauti, kama mkalimani. Vijana wakamcheka."

"Kisha?"

"Wiki iliyopita walinuniana. Prokopi alikaa hapo ulipokaa wewe. Akasema, 'Aksinya, heri anichukie yeye kuliko nizike kumi na mmoja.' Nikamuuliza, kumi na mmoja gani? Akasema, 'Mpaka msafara uondoke, atakuwa amewaambia mwenyewe. Nimempa nafasi.'"

"Awaambie nini?"

"Hakusema. Prokopi hakuwa mtu wa kumvua mwenzake nguo." Mpishi aligeukia sufuria ili asionekane macho.

Tuyaara alikunywa chai yake yote, polepole. Kisha alimtuma Gavril amwite Yegor, awapeleke ghubani kwa gari lake la minyororo, wakaangalie kama njia ya msafara ni salama.

Njiani aliona kwenye kioo cha gari shungi la nywele nyeupe za farasi, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Upande mmoja ulikuwa umepunguzwa.

Walisimama kwenye ule mti mfupi wa kwanza. Tuyaara alivuta skafu mpaka machoni.

"Mti huu uliupanda lini?" aliuliza.

"Ndiyo, upepo utageuka jioni," alisema Yegor.

Tuyaara alidhani anamdhihaki. Alirudia swali. Yegor aliitazama skafu, akatabasamu lile tabasamu lake la nishani. "Usiogope, binti. Umekuja na mimi."

Tuyaara alishusha skafu.

"Madereva wanasema unasikia barafu," alisema, safari hii uso kwa uso. "Niambie kama kesho itabeba malori kumi na moja."

"Hilo ndilo swali la kumuuliza Tarabukin."

Alivua kofia, akapiga magoti, akalaza sikio kwenye barafu kwa heshima kama mtu anayelala kifuani kwa mamaye. Akafumba macho.

Hapo ghuba ilipasuka.

Haikuwa sauti ndogo. Ilianza mbali, upande wa mdomo wa mto, kama shuka kubwa linalochanwa, ikaja, ikapita chini ya miguu yao, ikaishia ufukweni kwa mshindo wa mzinga. Mbwa wa Tumus walibweka wote. Gavril alikuwa tayari ameshika mlango wa gari.

Yegor Tarabukin hakufumbua macho. Sikio lake lilikuwa palepale.

"Amelala," alisema kwa upole. "Bibi amelala kama mtoto. Kesho mtapita."

Tuyaara hakusogea. Alimwangalia mzee yule juu ya barafu, na kwa kitambo kifupi alimwonea huruma ya kweli, kama ambavyo bila shaka Prokopi alimwonea. Kisha alikumbuka kucha tatu.

Yegor aliinua kichwa. Alimwona Gavril amening'inia mlangoni, uso umempauka kwa hofu. Akamtazama Inspekta. Tabasamu likaanza kuporomoka, upande mmoja kwanza.

* * *

Alimhoji kwenye ghala la kantini, kati ya magunia ya unga, kwa kuwa Tumus haikuwa na kituo. Ukuta ulikuwa wa mbao za inchi moja. Upande wa pili madereva walikuwa wanakula.

Tuyaara aliwasha taa, akaiweka karibu na uso wake mwenyewe ili midomo yake ionekane vizuri.

"Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Umeelewa?"

"Nimeelewa!"

Aliweka mezani bonge la barafu. Yegor alilitazama kwa muda mrefu. Lilianza kutoa jasho.

"Visiki tisa upande huu, tisa upande ule," alisema Tuyaara. "Shungi kwenye kioo cha gari lako limepunguzwa. Na leo mchana ghuba imepasuka chini ya sikio lako ukaniambia imelala. Tangu lini husikii?"

Alitegemea kukanushwa. Lakini mzee aliinama mbele, akamkaribia, kama mtu anayetaka kunong'ona siri.

"Tangu Septemba," alisema.

Sauti ilitikisa taa. Mzee alidhani ananong'ona. Upande wa pili wa ukuta, mlio wa vijiko ulikoma.

Tuyaara aliusikia ukimya ule. Angeweza kumwashiria apunguze sauti. Alichukua kalamu.

"Endelea."

"Sikio la kulia lilianza, kisha la kushoto. Kama mtu anafunga milango ya nyumba. Prokopi alijua kabla ya mke wangu. Tulikuwa tunapima, barafu ikalia, mimi nikaendelea kutoboa. Akanivuta. Akaniambia, 'Yegor, msimu huu nitakuwa masikio yako. Masika utawaambia mwenyewe, utapumzika kwa heshima.' Akawa anakaa kando yangu. Barafu ikilia mbali, ananigonga goti mara moja. Ikilia karibu, mara mbili."

"Alikusaidia."

"Alinionea huruma!" Yegor alipiga gunia, unga ukafuka. "Mimi! Yule dereva wa wastani! Utotoni nilikuwa nampandisha farasi mimi, hata kupanda hakujua. Sasa ananigonga goti kama mtoto asiyejua kuvuka njia. Nikimwangalia, naona macho yake yamejaa wema. Unajua wema unavyonuka, ukiwa wewe ndiye unayefanyiwa?"

"Kwa nini mliachana?"

"Msafara. Alisema malori kumi na moja ni uzito mwingine, kugongana magoti hakutoshi. Nikae pembeni, mtu mwenye masikio aongoze. Niwaambie mwenyewe kabla ya Jumamosi, la sivyo atawaambia yeye. Miaka thelathini na moja wananivulia kofia, binti. Nikawaambie nini? Kwamba nilikuwa nawavusha kwa kubahatisha?"

"Ulikuwa unawavusha kwa kubahatisha?"

"Walipita," alisema. "Wote walipita."

Upande wa pili mtu mmoja alisema neno fupi, chafu. Yegor hakupepesa macho.

"Jumanne ulihamisha miti."

"Tisa. Utabiri ulisema tufani. Zahanati ilikuwa inalilia dawa, nikajua nikimwambia Prokopi aende atakwenda. Hakuwa mtu wa kukataa. Alhamisi nikairudisha."

"Na chapati?"

Kwa mara ya kwanza mzee alionekana kushangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini mtu hupumua.

"Nilikuwa nafungua njia," alisema. "Nitafunguaje njia bila kumlisha? Nilimwambia, Bibi, ninakuletea mmoja, uniachie waliobaki. Bila hivyo angekasirika, angewachukua na wengine. Mimi nawajali hao vijana."

Tuyaara aliweka kalamu chini.

"Unajua ninachokidharau?" alisema, akitamka kila neno ili lisimpite. "Si masikio. Mjomba wangu ni kiziwi, ndiye mtu bora ninayemjua. Ungewaambia wale watu wangekubeba. Wangekupa kiti karibu na jiko, wangekuuliza barafu ya mwaka ule na mwaka ule mpaka ufe. Prokopi alikupa mlango wa heshima, na aliushikilia wazi majira yote ya baridi. Wewe ukamfungulia wake kwenda chini. Kwa ajili ya kofia, Tarabukin. Ili watu wavue kofia."

Yegor alitazama midomo yake mpaka ilipotulia. Kisha akainama tena, akaziba mdomo kwa kiganja upande wa mlangoni, kama mwizi anayegawana.

"Sikia. Nitasaini chochote. Lakini wao wasijue habari ya masikio. Waambie nilikosea miti, waambie tuligombana, waambie hata nililewa. Iwe siri yangu na yako. Wale vijana wananiamini."

Ukuta wa mbao ulikuwa kimya kabisa. Hata jiko halikulia.

"Saini hapa," alisema Tuyaara.

Alisaini kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyezoea kusaini vibali. Gavril alimfunga pingu mbele, akamtupia koti mabegani.

"Fungua mlango," Tuyaara alimwambia mzee. "Fungua mwenyewe."

Yegor alinyoosha mgongo. Alipanga uso wake, akasukuma mlango kwa mikono yote miwili.

Madereva kumi na mmoja walikuwa wamesimama. Kofia zilikuwa vichwani. Mama Aksinya alikuwa mlangoni mwa jikoni, aproni mdomoni. Vadim Zhuk alikuwa karibu zaidi, bakuli la supu mkononi, na alizungumza juu ya bega la mzee, kana kwamba pale hapakuwa na mtu.

"Dada Inspekta, kesho tutashuka. Tutatembea mbele ya malori kwa miguu, kwa zamu, na keekee. Tundu kila hatua hamsini, mmoja anatoboa, mmoja anasikiliza. Badala ya saa saba itatuchukua siku mbili. Aryta watapata mafuta."

"Na miti ile tisa?"

"Tutaipanda upya. Na njia hiyo nitailisha mimi." Vadim aliona haya, akakunja uso. "Kwa niaba ya Prokopi, usinitazame hivyo."

Yegor alikuwa akiifuata midomo yao, akatabasamu, akainua mikono yenye pingu kama anayebariki.

"Msiogope, wanangu!" alisema. "Mambo madogo ya karatasi. Barafu ni nzuri, nimesikiliza mwenyewe!"

Dereva wa mbali zaidi, mzee mwenye masharubu meupe ambaye alikuwa amevuka ghuba nyuma ya Yegor misimu ishirini, alivuta skafu juu ya mdomo wake, akageuka ukutani. Wa pili akageuka. Kisha wa tatu. Viti vililalamika. Mmoja baada ya mwingine walimpa migongo, makoti ya ngozi kumi na moja, na nyuma ya makoti yale walianza kuzungumza, wote kwa pamoja, maneno makali, ya waziwazi, bila kupunguza sauti hata kidogo.

Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia. Alitafuta mdomo mmoja tu.

"Wanasema nini?" alimuuliza Tuyaara. Kisha akamshika Gavril mkono, kwa vidole vyote. "Wanasema nini?"